Uzi wa Shaba Kwenye Kabureta

Yasmini alikuwa na njia yake ya kujua mumewe ametoka wapi, na wala hakuhitaji kumuuliza mtu. Jioni Ismail alipoingia uani na bodaboda yake, akaizima na kuiegesha karibu na karo, Yasmini alichovya vidole kwenye ndoo ya maji akairushia injini matone mawili matatu. Ndivyo alivyokipima chuma chake cha chapati kila asubuhi. Tone likikaa na kutambaa, chuma bado hakijapata moto. Tone likiruka na kupotea, chuma tayari. Injini nayo ni chuma, hakuna cha ajabu. Tone likikaa, basi Ismail ameshinda kijiweni kwao Tandale sokoni, amepeleka wateja Magomeni na Kijitonyama, amerudi. Tone likilia chwaa na kutoweka, huyo amevuka mji.

Na kwa muda sasa tone lilikuwa likilia chwaa kila jioni.

"Leo ulifika wapi, Baba Lulu?"

"Hapa hapa tu. Akina mama wa sokoni na viroba vyao. Mbali kabisa Mwananyamala."

Mwananyamala! Injini ilitoa joto hata paka wa jirani, aliyezoea kujikunyata chini ya pikipiki, akahamia kwenye paa la choo. Lakini Ismail alisema vile kwa macho makavu, akavua kofia, akaomba maji ya kunawa. Mtu wa namna ile angeweza kukwambia anatoka msikitini huku ameshika kuku wa watu kwapani.

Kwa mambo mazito Yasmini hakuwa mwanamke wa kelele. Alikuwa wa kunyamaza na kuweka moyoni, jambo juu ya jambo, mpaka siku moja yamwagike. Na jambo lililokaa juu kabisa lilikuwa na jina: Keko. Huko Keko, kwa watengeneza makochi, aliishi Filomena, mzazi mwenzake Ismail, pamoja na Anna, binti waliyempata kabla Ismail hajamjua Yasmini. Hilo halikuwa siri. Siku ya posa wazee walikaa wakalizungumza, na aliyeshika usemi upande wa Yasmini alikuwa mjomba wake, Mzee Kondo. Walikubaliana kwamba matumizi ya mtoto yapitie kwa dada yake Ismail, mtoto awe anakuja Tandale siku za likizo, na Ismail mwenyewe asikanyage Keko. Ismail aliitikia kwa mdomo wake, tena haraka haraka.

Sasa likizo zilikuwa zikipita bila Anna kuonekana. Mara ana homa, mara ana masomo ya ziada. Mtoto wa darasa la kwanza, masomo ya ziada ya nini?

Tena kabla ya joto kulikuwa na ishu ya petroli. Zamani kidogo Yasmini alikuwa akiitikisa pikipiki jioni na kusikiliza tangi. Asubuhi limejazwa, jioni linalia tupu, na mwenyewe anasema hakutoka sokoni. Yasmini alimsema. Alimsema akila, alimsema akivaa, alimsema akipiga mswaki na povu mdomoni, asiweze hata kujibu. Halafu ghafla petroli ikaanza kukaa. Jioni tangi likitikiswa, linajibu. Yasmini alifurahi, akampikia mumewe samaki wa kupaka, na wala furaha ile haikukaa sana kabla matone hayajaanza kuruka. Petroli ipo, injini inaungua. Hapo ndipo machale yalipomcheza kweli, maana sasa hata yeye hakuelewa anadanganywa kwa njia gani.

Akampigia simu Mjomba Kondo. Wazee wakapanga kuja Jumapili kukaa kikao. Yasmini alishaamua: ikithibitika kwamba Ismail anakwenda Keko, anamchukua Lulu, anarudi kwa mama yake Lindi, na chuma chake cha chapati anaondoka nacho. Aliyawaza hayo huku akisukuma chapati, na chapati zikatoka na pembe. Alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Alhamisi, jua la saa nane likiwa limewakalia watu utosini, Ismail alirudi nyumbani kabla ya wakati wake.

"Hii pikipiki imechoka," alisema. "Haivuti, inachemka kama nini. Naipeleka kwa fundi aitune injini. Ikiungua pistoni tumekwisha."

"Fundi gani?"

"Anaitwa Albano. Mie simjui, ila Praygod wa kijiweni kaniambia jamaa ni noma kwenye injini." Ismail alijikuna shingo. "Yuko Keko."

Yasmini aliweka chini upawa.

"Keko."

"Sasa mie ndiye niliyemweka huko?"

"Mafundi wa Tandale wamekufa wote?"

"Hawa wa hapa wanabahatisha tu, Mama Lulu. Akifungua leo, kesho inavuja oili."

"Sawa," Yasmini alisema. "Ngoja nivae baibui twende wote."

Ismail alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akasema jua kali, akasema mtoto ataachwa na nani, akasema pale kwa fundi hakuna hata pa kukaa. Yasmini alikuwa ameshamkabidhi Lulu kwa jirani na alikuwa anafunga mlango. Mwanamke akishaamua kwenda kuona kwa macho yake, jua ni kitu gani?

Njiani pikipiki ilithibitisha kwamba angalau ugonjwa wake si wa uongo. Ilikohoa kwenye kila taa. Ismail alipoivuta ili walipite lori, ikaguna, ikakataa, ikapiga mlio wa pah kwenye sailensa mpaka Yasmini akamshika mumewe kiunoni bila kupenda. Joto lilimpanda mguuni kupitia baibui. Alijiambia kwamba hili si joto la safari ya leo peke yake; hili limerundikana.

Walipofika Keko, kwenye barabara ya makochi yaliyopangwa nje bila vitambaa, mbao zikionekana, Ismail alisimama kumuuliza seremala mmoja.

"Samahani braza, kwa fundi Albano ni wapi?"

Seremala yule alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akamtazama Yasmini. Kisha akanyoosha msumeno wake kuelekea kona ya mbele na kurudi kwenye mbao zake. Yasmini alipumua. Mtu anayeuliza njia hajui njia, alijisemea, na moyo wake ukalegea kidogo, ingawa yale macho ya seremala hakuyapenda.

Fundi Albano alikuwa Mmakonde wa makamo, mfupi, kifua kipana, mwenye banda la mabati lililobanwa kati ya watengeneza makochi wawili. Alimpa Ismail kiwiko badala ya mkono kwa sababu mikono ilikuwa na oili.

"Karibu, braza. Karibu, shemeji. Tatizo?"

Ismail akaeleza. Albano alilaza kiganja hewani juu ya injini bila kuigusa, akatingisha kichwa.

"Siifungui sasa hivi. Nataka kupima uwazi wa valvu, na injini ya moto haipimwi. Chuma kikipata moto kinatanuka, utapata kipimo cha uongo. Kaeni, ipoe kwanza."

Alilisema kwa wepisi tu, akawavutia benchi. Lakini Yasmini alilibeba lile neno. Chuma cha moto kina kipimo cha uongo? Yeye alikuwa amepima chuma cha moto kila jioni, na kwa kipimo hicho alikuwa amewaita wazee.

Wakakaa. Vumbi la mbao lilikuwa linapeperuka na kuwatulia mabegani. Ismail hakutulia. Alinyanyuka akasema anakwenda dukani kuchukua maji. Yasmini akasema na yeye ana kiu, wakaenda wote. Wakarudi. Ismail akachezea simu, akaigeuza kifudifudi pajani. Adhana ya Alasiri ilipotoka, alinyanyuka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango.

"Naenda kuswali."

"Nenda. Nitakusubiri nje."

Na kweli alimsubiri. Alisimama karibu na kandambili zake pale mlangoni mwa msikiti, akizitazama, asije mtu akatokea upande mwingine. Waumini waliotoka walimpisha kwa adabu, wengine wakimsalimia. Yasmini aliona haya, lakini hakuondoka. Ismail alipotoka na kumkuta bado yuko pale, alivaa kandambili kimya kimya.

Walipofika bandani, injini ilikuwa imepoa na Albano alikuwa ameshaanza kuisafisha. Kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa alichokonoa tope lililoganda kati ya mapezi ya injini, yale mabati membamba yanayopitisha upepo.

"Hii peke yake ni kama kumvalisha mtu koti mchana wa leo," alisema. "Lakini hii siyo iliyoua."

Akafungua plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini. Aliinyanyua juu kwenye mwanga, akaigeuza, akampa Yasmini aione, si Ismail.

"Rangi gani, shemeji?"

"Nyeupe."

"Ilitakiwa iwe ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe hivi, injini ina njaa. Hewa nyingi, petroli kidogo."

Yasmini hakuelewa. "Si ndiyo vizuri? Mie nikipunguza mkaa, chuma kinapoa."

"Jiko ndiyo. Injini siyo." Albano alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kirafiki. "Hii petroli inaiunguza injini, na hiyo hiyo ndiyo inayoipooza inapopita. Ukiinyima, inachemka, inakosa nguvu, inapiga risasi kwenye sailensa. Ukiendelea kuinyima, siku moja pistoni inatoboka."

Akafungua kabureta juu ya kitambaa. Vitu vidogo vidogo vya shaba vikatoka kimoja baada ya kingine, na Albano akavipanga kwa mstari bila haraka. Alipofika kwenye jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli, alikiweka jichoni akatazama jua kupitia kwenye tundu. Akakaa vile kwa muda. Akachukua sindano, akachokoa, akavuta. Kikatoka kiuzi cha waya wa umeme, cha shaba, chembamba mithili ya unywele.

"Nani kaweka hii?"

Albano alikilaza kile kiuzi kwenye kiganja chake cheusi kwa oili, kiking'aa.

"Hii ni ile ya kubana mafuta. Mafundi wa mitaani wanaiweka. Tundu linazibwa nusu, petroli haiishi, mwenye pikipiki anafurahi. Injini ndiyo inayolipa."

Yasmini aligeuka kumtazama mumewe. Ismail alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua vumbi la mbao kwa kidole gumba cha mguu.

"Mie ndiye niliyewekesha," alisema. "Kule Manzese."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, Mama Lulu? Kwa ajili yako." Sauti yake ilipanda kidogo, ikashuka. "Kila siku petroli, petroli. Nimekula petroli, nimeinywa, nimempelekea nani. Sikuwa na pa kupumua ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia fundi abane, ikae mpaka jioni, nawe unyamaze. Ikakaa, ukaanza na joto. Unadhani sikuoni na maji yako?"

Yasmini alitamani ardhi ipasuke. Kumbe aliona! Jioni zote zile, akirusha matone na kujifanya anamwagia vumbi uani, mwenzake alikuwa anamtazama tu.

Alimgeukia fundi. "Kwa hiyo pikipiki ikiwa na huo uzi, hata asipokwenda mbali inachemka?"

"Shemeji, hata akiiwasha ikiwa imesimama hapa, ukaenda kuchota maji bombani, ukirudi hutaigusa."

Basi ni yeye. Yeye ndiye aliyeanza kwa maneno, maneno yakaleta uzi, uzi ukaleta joto, na joto likamletea yeye ushahidi dhidi ya mtu asiye na kosa. Hata kikao cha wazee kimeitishwa kwa ajili ya kipande cha waya. Alimwona Ismail jinsi alivyokonda mashavuni na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimpokea kwa neno zuri.

Alitoka nje ya banda, akasimama kando ya kochi lisilo na kitambaa, akapiga simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, Jumapili saa ngapi?"

"Msije, Mjomba. Nilikosea. Ni pikipiki tu iliyokuwa mbovu."

Mzee alilirudia neno. "Pikipiki."

"Ndiyo, Mjomba. Kabureta."

"Yasmini, nimeshawaambia watu. Nimeshapeleka kanzu kwa dobi. Unanitoa huku na kiuno changu hiki kuja kuamua ndoa, halafu unaniambia kabureta?"

"Nisamehe, Mjomba. Ismail hana kosa. Nimeshuhudia kwa macho yangu."

"Haya. Kaeni kwa heshima," mzee alisema, akakata simu kwa kuguna.

Aliporudi, alikaa kwenye benchi karibu na mumewe kuliko mwanzo. Hakusema samahani. Lakini alimpangusa vumbi begani, na Ismail akamwacha afanye hivyo. Wakatazama kazi pamoja. Albano alifungua mfuniko wa juu wa injini, akapitisha kibati chembamba kwenye uwazi wa valvu, akakaza, akalegeza, akapitisha tena mpaka kibati kikawa kinateleza kwa kugusana kidogo tu. Akaweka jeti nyingine isiyochezewa. Akamwaga oili iliyokuwa nyeusi na nyepesi, akaweka mpya. Kila alichokifanya alikitaja kwa sauti, na Yasmini akajikuta anauliza maswali, hata akacheka mara moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mbele ya Ismail kwa muda mrefu.

Kisha Albano akaiwasha. Injini ilishika kwa mara ya kwanza tu. Albano aliinama na bisibisi yake kwenye skrubu ya hewa, sikio karibu na kabureta, macho ameyafumba. Alizungusha kidogo, mlio ukapanda. Akarudisha kidogo, ukatulia. Ismail alikuwa ameshika usukani, tayari kuvuta mafuta akiambiwa. Kelele zilijaa banda zima, na Albano, aliyekuwa amezama kwenye kazi yake, asiyemsikia mtu wala kumwona mtu, akapaza sauti:

"Ongeza kidogo, Baba Anna! Hapo hapo! Baba Anna, usiachie!"

Ismail hakuachia. Mkono wake uliganda pale pale kwenye usukani.

Albano akafumbua macho. Alimtazama Ismail, akamtazama Yasmini, na bisibisi ikamtoka ikaanguka kwenye vumbi la mbao. Injini sasa ilikuwa inaunguruma polepole, laini, mlio mmoja usiokatika.

Mjini Dar es Salaam mzazi anaitwa kwa mtoto ambaye watu wa mtaa ule wanamjua. Tandale nzima, kuanzia muuza mkaa mpaka imamu, Ismail alikuwa Baba Lulu. Wengi pale hawakujua hata kama ana mtoto mwingine. Huwezi kuwa Baba Anna mbele ya fundi ambaye humjui, uliyeelekezwa kwake na mtu wa kijiweni. Baba Anna unakuwa kwa watu waliokuona umemshika Anna mkono. Wamekuona siku nyingi mpaka jina limekaa mdomoni, linatoka lenyewe mtu akisahau kujizuia.

Yasmini aliyaona yote kwa mpigo, na kila kitu alichokuwa amekisamehe kikarudi na sura mpya. Petroli ilikuwa inaisha kweli. Ilikuwa inaisha kwa sababu ilikuwa inakuja Keko. Hakuziba tundu ili mkewe apate amani; aliliziba kwa ajili ya safari zake. Alizificha safari kwa petroli, injini ikamuumbua kwa joto, akaogopa, akaileta itengenezwe. Na yule seremala na msumeno wake alikuwa amemtazama mtu anayemwona kila siku akiuliza njia ya nyumbani kwake.

Alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya hasira aibu. Dakika chache tu zilizopita alikuwa amemwambia mjomba wake kwamba mtu huyu hana kosa.

"Shemeji," Albano alianza, "mie unajua, haya majina..."

"Umetengeneza vizuri, fundi," Yasmini alisema. "Mungu akubariki kwa kazi yako."

Akapanda kwenye pikipiki.

"Nipeleke," alimwambia Ismail.

"Nyumbani?"

"Kwa Anna. Na leo usimuulize mtu njia."

Ismail alifungua mdomo. Alisema tusikilizane kwanza, alisema mambo siyo kama unavyofikiri, alisema hata yale ambayo wanaume wote wanasema wakibanwa, na hakuna haja ya kuyarudia hapa. Yasmini alikuwa amekaa upande, mkoba pajani, anatazama mbele. Mwishowe Ismail akapanda.

Pikipiki ilikwenda vizuri ajabu. Haikukohoa, haikuguna, ilivuta kwa ulaini mpaka ikamuudhi. Ismail aliingia kichochoro cha kwanza, akakata cha pili, akapunguza mwendo kabla ya mtaro ambao vumbi la mbao lilikuwa limeufunika na mgeni asingeuona. Mzee mmoja alimpungia mkono. Ismail hakumpungia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, yenye kibaraza. Filomena alikuwa ameketi juu ya mkeka, anashona vitambaa vya makochi kwa cherehani ya mkono, mwanamke mnene kidogo, mwenye uso mzuri uliochoka. Alipoisikia pikipiki hakunyanyua kichwa, aliendelea kushona. Alinyanyua kichwa aliposikia kimya baada yake.

Alisimama. Alijifunga khanga vizuri.

"Karibu, Mama Lulu," alisema.

Hakuna aliyemtambulisha. Yasmini alijiuliza jina hilo limetajwa mara ngapi ndani ya nyumba hii, na limetajwa kwa sauti gani. Ilimuuma kwamba huku anajulikana, na yeye hakujua kitu.

"Ahsante, Mama Anna. Sitakaa sana."

Anna alitoka ndani mbio, bado amevaa sketi ya shule. Alikuwa na paji la uso la Ismail, lile lile alilonalo Lulu. Alimrukia baba yake mguuni kwanza, kisha akamwona mgeni, akaacha mguu, akaja kuinamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo ya ziada yanaendeleaje?"

Mtoto alimtazama mama yake. Masomo ya ziada hakuyajua.

Filomena akamkaribisha mgeni ndani, na Yasmini akaingia, Ismail akibaki mlangoni kama fundi anayesubiri kuambiwa akae. Kilikuwa chumba kisafi. Palikuwa na kochi, meza ndogo, kalenda ukutani. Yasmini alikuwa amejiandaa kuona mambo mabaya zaidi: shati la Ismail, picha yake, viatu vyake uvunguni. Hakuona hata kimoja. Kwa kitambo alianza kujiuliza kama pengine ni mtoto tu anayemleta, kama pengine mtu anaweza kusamehewa kwa kumpenda mwanawe. Alitaka iwe hivyo. Alitaka sana.

Kisha akaona sahani mezani. Ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine, kijiko juu yake, bilauri ya maji pembeni imefunikwa kwa kisosi. Sufuria zilikuwa zimeshaoshwa na kupinduliwa pembeni. Wenye nyumba walikuwa wameshakula. Yeye mwenyewe hufunika chakula namna hiyo kila jioni, na mwanamke hamfunikii chakula mpita njia.

"Hiki cha nani?" aliuliza.

Filomena aliangalia chini. Ismail alisema, "Yasmini..."

"Cha baba," Anna alisema, kwa furaha ya mtoto anayelijua jibu. "Mama anamwekeaga kila siku."

Nje, mtu alikuwa anapiga misumari kwenye mbao, anaacha, anapiga tena. Yasmini aliweka mkoba wake chini. Aliketi kwenye kochi, akaivuta meza karibu, akanawa vidole kwa maji ya bilauri, akafunua sahani. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na kachumbari imewekwa pembeni, mbali na wali, kama Ismail anavyopenda.

"Yasmini, tafadhali," Ismail alisema.

"Mpigie Mjomba Kondo," Yasmini alisema. "Umpigie wewe, kwa mdomo wako, umwambie Jumapili waje. Umwambie na hapa ni wapi, wasije wakauliza njia."

Ismail akatoa simu. Filomena alimshika Anna mkono, akamtoa nje kibarazani. Yasmini alimega samaki, akachukua tonge la kwanza, akala, akachukua la pili, machozi yakimshuka bila sauti, na Ismail mlangoni akisema, "Shikamoo, Mjomba." Wali ulikuwa umeiva vizuri, mtamu kuliko wake, na hakuacha mpaka akaumaliza wote.